Barua ya wazi kwa watunga sheria ya kodi wa Marekani: Mama yangu yuko Ujiji, na ananitegemea

Kwa:
Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Njia na Mapato, Baraza la Wawakilishi,
na Kamati ya Fedha, Seneti,
Washington.

YAH: KIFUNGU CHA 152 CHA SHERIA YA KODI NA WATEGEMEZI WALIO NJE YA MAREKANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlipakodi wenu, mzaliwa wa Ujiji mkoani Kigoma, Tanzania, raia wa Marekani kwa tajinisi, mkazi wa Louisville, Kentucky. Usiku nafanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Haya ninayoyaandika nimeshayaandika kwa Kiingereza mara mbili. Barua ya kwanza ilijibiwa na ofisi ya mwakilishi mmoja kwa karatasi ya shukrani ambayo ingemfaa yeyote aliyeandika juu ya lolote, hata bei ya mayai. Ya pili ina miezi kumi na mmoja sasa, kimya. Kwa hiyo safari hii naandika kwa Kiswahili na kuiweka barua hadharani, ili waisome wale inaowahusu: Wakongo na Warundi wa hapa Louisville, Watanzania wa Houston, Wakenya wa Minnesota, na wengine wengi wanaotuma kwao kila mwisho wa mwezi. Nakala ya Kiingereza mnayo, na jina langu kamili limo humo.

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Aprili 15, Jumamosi zangu nazitoa kwenye meza ya kujitolea inayowasaidia watu wa kipato cha chini kujaza ritani zao za kodi. Mpango huo wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, unaitwa VITA, kwa herufi za mwanzo za jina lake la Kiingereza, na Waswahili wakiliona bango mlangoni hucheka kwanza ndipo waingie. Kabla ya kuruhusiwa kukaa pale tunafanya mtihani wa sheria ya kodi, kila mwaka upya. Haya ninayoyasema sikuyaokota barabarani.

Kuna swali moja kwenye fomu ya mahojiano ambalo siku hizi nalisogeza mwisho. Ni lile la wategemezi. Nikiliuliza kwa Kiingereza najibiwa kwa namba: wawili, watatu. Nikiliuliza kwa Kiswahili, "Ni nani wanaokutegemea?", mtu huegemea kiti, hutazama dari, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mama. Watoto wa marehemu kaka, wanne. Wawili waliobaki kambini na bibi yao. Shangazi anayeumwa miguu. Baba mkwe. Vidole vinakwisha. Halafu mimi, ambaye kwangu nimehesabu hivyohivyo, naandika sifuri. Nimeandika sifuri nyingi mno kwenye meza ile.

Kwa faida ya wasomaji wengine, niruhusuni nieleze sheria yenu kidogo. Kifungu cha 152 kina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mtoto: wa kuzaa, wa kambo, wa kuasili, ndugu yako mdogo, au watoto wa hao. Awe chini ya miaka 19, au chini ya 24 kama anasoma kwa muda wote, au wa umri wowote kama ana ulemavu wa kudumu na kamili. Awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka, na asiwe amejitegemea kwa zaidi ya nusu ya matumizi yake. Mlango wa pili ni wa jamaa: mzazi, ndugu, mpwa, mjomba, shangazi, mama mdogo, mkwe. Hawa hawalazimiki hata kulala chini ya paa lako. Inatosha kwamba kipato cha mtu huyo kwa mwaka hakikufika dola 5,200, ndicho kiwango cha mwaka 2025, na kwamba wewe ndiye uliyebeba zaidi ya nusu ya mahitaji yake. (Binamu hamkumweka kwenye orodha hiyo. Lina maneno yake, lakini leo naliacha.)

Mama yangu anapita mlango wa pili bila kuinama. Ni mzazi wangu. Kipato chake ni mawese anayouza kwa chupa barazani, na mwaka ukiwa mzuri hakifiki dola 400. Mimi namtumia dola 250 kila mwezi, na mwezi ambao dawa za presha zimepanda au bati limeng'oka, zaidi ya hapo.

Kisha panakuja kijisehemu kidogo, 152(b)(3). Kinasema mtegemezi lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, au mkazi wa nchi inayopakana na Marekani. Nchi hizo ni mbili, Kanada na Meksiko. Yote aliyoyapita mama mlango wa pili yanafutwa hapo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sheria inauliza mama analala wapi, wala si nani anamlisha.

Mimi sina mume wala mtoto ninayemlea. Kama mama angekuwa anaishi hapa Louisville, hata kwenye nyumba yake mwenyewe au kwenye makao ya wazee, nami ndiye ninayebeba zaidi ya nusu ya gharama za makazi yake, ningejaza ritani kama mkuu wa kaya. Kwa mwaka 2025 kipato kisichotozwa kodi cha mkuu wa kaya ni dola 23,625. Cha mtu aliye peke yake ni dola 15,750. Tofauti ni dola 7,875, na kwa mwenye mshahara kama wangu, ambaye daraja lake la juu ni asilimia 12, hiyo ni kodi ya dola 945. Ongeza dola 500 za unafuu wa mtegemezi asiye mtoto mdogo, jumla dola 1,445. Na hapo sijagusa madaraja yenyewe ya kodi ya mkuu wa kaya, ambayo ni mapana zaidi.

Sasa mchukueni mama mwingine, anayeishi Windsor, Kanada. Binti yake yuko Detroit, na kati yao kuna mto tu. Taa za mji mmoja zinaonekana kutoka mji wa pili. Mama huyu si raia wa Marekani. Hajawahi kulipa hata senti kwenye hazina yenu. Zile dola 500 hazipati, mmezizuia kwa sheria ya 2017. Lakini anakubaliwa kuwa mtegemezi, na binti yake anaweza kuwa mkuu wa kaya kwa ajili yake. Simwonei wivu binti huyo, Mungu amzidishie. Ninachouliza ni hiki: mama wa Windsor na mama wa Ujiji wana tofauti gani mbele ya kodi ya binti zao, zaidi ya daraja la kuvukia mto?

2. Mpaka huo mliuchora wenyewe, na mmewahi kuusogeza.

Sharti la nchi zinazopakana liliingia kwenye sheria mwaka 1944, vita vya dunia vikiwa bado vinapiganwa. Mwaka huo ingekuwa vigumu kwa yeyote kuthibitisha kwamba fedha kutoka Kentucky zimemfikia bibi mmoja kando ya Ziwa Tanganyika, nami nawapa haki yao waliouandika. Lakini miaka kumi baadaye, mlipoiandika upya sheria nzima mwaka 1954, hamkuubakiza mpaka palepale. Mliongeza wakazi wa Eneo la Mfereji na wa Jamhuri ya Panama, nchi ambayo haipakani na Marekani hata kwa bahati mbaya. Mliwafikiria hata watoto wa wanajeshi wenu waliozaliwa Ufilipino. Baadaye mkamfungulia pia mtoto aliyeasiliwa na raia akiishi naye ng'ambo.

Kumbe inawezekana. Kila mlipokuwa na watu wenu mahali, ramani ilinyooka. Basi na sisi ni watu wenu, na mahali petu ni Kigoma, Bukavu, Kisumu, Bujumbura.

3. Mnaujua mchango, ila mnaukataa ukivuka bahari.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panaponiuma na ndipo sheria yenu ilipo nzuri kuliko wengi wanavyojua.

Kwetu mama halishwi na mtoto mmoja. Sisi tuko watatu. Kaka yuko Dar es Salaam, analipa umeme na kumpeleka hospitali. Dada yuko Muscat, anatuma rial zake kila baada ya miezi miwili na zawadi za Idi. Mimi nabeba chakula, dawa na msichana wa kazi anayelala naye. Miaka mingine fungu langu linavuka nusu, mingine halivuki, hasa mwaka ambao saa za ghalani zimepunguzwa. Niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba lazima mtu mmoja abebe zaidi ya nusu, nikasema basi, sheria hii imeandikwa na watu wasiojua mchango.

Nilikosea. Mnayo fomu namba 2120. Inasema ndugu kadhaa wakichangia kwa pamoja zaidi ya nusu ya matunzo ya mzazi, na hakuna mmoja aliyefikisha nusu peke yake, wanaweza kukubaliana nani amwandike mwaka huo, ilimradi awe amechangia zaidi ya asilimia 10 na wenzake waliovuka asilimia hiyo wakubali kwa saini kutomwandika. Mwaka huu wewe, mwaka ujao mimi. Waheshimiwa, huo ni mchezo wa upatu! Mtu yeyote wa Ujiji angewaelewa kabla hamjamaliza sentensi. Siku moja niliwaeleza fomu hiyo akina mama watatu wa Kivu waliokuwa wakisubiri zamu, wakaniambia kumbe Wamarekani nao wana ukoo.

Kisha nikawaambia kwamba haiwahusu, kwa sababu mama yao yuko Uvira. Mmoja akauliza kwa utaratibu kabisa: "Kwa hiyo kama mama angekuwa Meksiko?" Sikuwa na jibu ambalo mtu mzima anaweza kumpa mtu mzima mwenzake.

4. Mnasema waje, na mlango mmeufunga.

Watoto waliobaki kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nakivale wana wazazi hapa Kentucky wanaowatumia ada na chakula. Watoto hao hawahesabiwi, kwa sababu hawajaishi na mzazi nusu ya mwaka, na wala mlango wa jamaa hauwafai kwa sababu ya kilekile kijisehemu (b)(3). Jibu la kawaida ni kwamba wataandikwa watakapofika. Watafikaje? Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025. Baba aliyejaza karatasi zote, akapima damu, akasubiri miaka, leo anaambiwa mwanawe si mtegemezi kwa sababu hayupo, na hayupo kwa sababu ya amri iliyotoka mji uleule inakotoka sheria ya kodi.

5. Fedha zile zile ambazo hamzioni kwenye ritani, mnaziona dukani.

Mwaka jana, katika sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025, mliweka kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma fedha nje ya nchi kwa pesa taslimu au kwa njia nyingine ya karatasi mkononi. Imeanza Januari 1, 2026. Anayelipa kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi ya benki ya hapa hakatwi. Dola 2 katika kila dola 200. Si nyingi, nakubali, na mimi mwenyewe nalipa kwa kadi. Wanaokatwa ni wale waliofika karibuni, wenye mishahara ya hundi na hofu ya benki, yaani wale ambao mama zao wako kambini.

Ila jambo lenyewe si dola 2. Kwa miaka yote hii tumeambiwa kwamba serikali haiwezi kufuatilia fedha ziendazo Kigoma, ndiyo maana haiwezi kuzitambua. Palipotokea cha kukusanya, Kigoma ikaonekana mara moja, mpaka kwenye kaunta ya duka, mpaka kwenye risiti.

6. Matibabu. Mlipakodi anaweza kupunguza kwenye kipato chake gharama za matibabu alizolipia mtegemezi, zikivuka asilimia 7.5 ya kipato. Nilimlipia mama upasuaji wa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa sababu ya (b)(3) risiti zile ni karatasi tu.

7. Lugha. IRS ina fomu ya kuomba kuandikiwa kwa lugha yako. Kigujarati kimo, Kikhmer kimo. Kiswahili sikukikuta.

Sasa, najua mtakayonijibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa.

Mtasema kutakuwa na udanganyifu, kwamba mtu ataandika mama watano. Udanganyifu wa wategemezi mnaujua vizuri, na haukuanzia Afrika. Hadi ritani za mwaka 1986 mlipakodi aliandika majina ya wanawe basi. Kuanzia ritani za mwaka 1987 mkadai namba ya hifadhi ya jamii ya kila mtoto aliyefikisha miaka mitano, na watoto wapatao milioni 7 wakayeyuka kutoka kwenye ritani za Marekani kwa msimu mmoja. Wengine walikuwa mbwa na paka, ndivyo watu wanavyopenda kusimulia. Dawa mliyotumia ilikuwa namba. Hamkufuta watoto wote. Mama yangu ana namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole. Kila ninachomtumia kinaacha nyayo mara tatu: kwenye benki yangu, kwa mtumaji, na kwenye simu yake. Namba ya mlipakodi asiye mkazi mnajua kuitoa, mnaitoa kila siku.

Isitoshe, mnayo kanuni inayomdai raia au mkazi wa Marekani atoe taarifa za akaunti zake za nje pindi jumla yake inapovuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, hata akaunti ambayo ana saini tu. Nikiweka saini kwenye akaunti ya mama ya CRDB pale Kigoma na fedha za kiwanja zikapita hapo, nisipowaambia nina kesi. Akaunti ya mama mnaifahamu. Mama mwenyewe ndiye mgeni.

Mtasema hakuna nchi inayofanya hivyo. Ziko. Ujerumani inamruhusu mlipakodi kupunguza kwenye kipato chake matunzo ya wazazi walio nje, na haiwapi wote kiasi kimoja: inapima hali ya maisha ya nchi alipo mzazi, ikazigawa nchi katika mafungu. Kiwango kamili cha mwaka 2025 ni euro 12,096. Tanzania na Kenya ziko kwenye fungu la robo, kwa hiyo Mtanzania wa Hamburg anaweza kuomba mpaka euro 3,024 kwa mama yake. Wamekaza pia: kuanzia 2025 fedha lazima zipite benki hadi akaunti ya anayetunzwa, za mkononi hazihesabiwi. Japani nayo inawatambua jamaa walio nje kwa karatasi za ukoo na za kutumia fedha, na kuanzia 2023 imewaondoa walio na miaka 30 hadi 69, isipokuwa walioondoka Japani kwenda kusoma, walemavu, au wanaotumiwa angalau yen 380,000 kwa mwaka. Mnaweza kuichukua kanuni ya Ujerumani kama ilivyo. Mimi ningeipokea hata na ukali wake wote.

Mtasema hazina haiwezi kubeba. Hadi mwaka 2017 kila mtegemezi alipunguza dola 4,050 kwenye kipato. Tangu 2018 mmeifanya sifuri, na mwaka jana mkaifanya sifuri ya kudumu. Tulichobaki kukiomba ni dola 500 na haki ya kuitwa mkuu wa kaya. Mmeshapunguza mkate, sasa mnaogopa kugawa makombo.

Mtasema hata kwetu hawahesabu. Hilo ni kweli tupu. Tanzania haimkati mshahara asiyevuka shilingi 270,000 kwa mwezi, na zaidi ya hapo haiulizi unalisha nani. Kenya inampa kila mfanyakazi nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, anayekula peke yake na mwenye nyumba ya watu kumi sawasawa. Barua ya kwao nitaiandika siku yake, na itakuwa na maneno makali kuliko haya, kwa kuwa wao ni ndugu. Lakini wao hawakuuliza kabisa. Ninyi mmeuliza, mkahesabu jamaa mmoja mmoja hadi mjomba, kisha mkapiga mstari.

Na mtasema, kama nilivyoambiwa kwa simu na kijana mmoja mpole wa ofisi ya mwakilishi: "Kwa nini usimlete?" Naweza. Mimi ni raia, nimevuka miaka 21, na kipato changu kinafika ile asilimia 125 ya mstari wa umaskini inayodaiwa kwa mdhamini. Nimpeleke wapi? Mama ana miaka 74. Baba amelala makaburi ya Ujiji, hatua chache kutoka msikiti anaokwenda. Jioni wenzake humjia barazani na migebuka ya kukaanga. Nimtoe hapo nimweke ghorofa ya pili Louisville, Januari, peke yake usiku wote mimi nikiwa ghalani, aangalie barafu dirishani, ili apate kuwa mstari kwenye ritani yangu? Na akija atakaa miaka mitano kabla ya kuruhusiwa hata kununua bima ya wazee ya serikali. Akibaki alipo hali chochote cha Marekani isipokuwa mshahara wa binti yake, ambao mmeshaukata kodi kabla haujafika kwake.

Kwa hiyo naomba, waheshimiwa, na wanaoniunga mkono wanaomba nami:

a) Kijisehemu cha 152(b)(3) kirekebishwe ili mzazi aliye nje, wa nchi yoyote, akubalike kuwa mtegemezi pale masharti mengine yote ya jamaa yanapotimia. Anzeni na wazazi peke yao kama mnaogopa wingi wetu. Kiasi kipimwe kwa hali ya maisha ya nchi alipo, na ushahidi uwe wa benki au wa simu iliyosajiliwa.

b) Watoto wa wakimbizi waliokwisha orodheshwa kwenye faili za uhamiaji za wazazi wao wahesabiwe tangu siku ya orodha hiyo. Majina yao mnayo tayari, na vipimo vyao vya damu pia.

c) Fomu ya 2120 ikubaliwe pale mmoja wa wachangiaji ni mlipakodi wa Marekani na wengine wako nje. Saini ya kaka yangu wa Dar es Salaam ni saini.

d) Anayelipa ile asilimia 1 kumtumia mzazi au mtoto arudishiwe kwenye ritani kwa kuonyesha risiti.

e) Maelezo ya nani ni mtegemezi na nani si mtegemezi yaandikwe kwa Kiswahili. Hili halihitaji kura. Mkikosa mfasiri, niko hapa Jumamosi.

Sijaomba kikao, na siombi karatasi nyingine ya shukrani. Naomba mmoja wenu aseme kwa maandishi kama kijisehemu hiki kitajadiliwa katika Bunge hili, ndiyo au hapana, kabla ya Aprili 15. Meza yetu imeshafunguliwa. Jumamosi iliyopita walikuja watu ishirini na watatu, na kwenye ukurasa wa kwanza wa zile ritani saba za Waswahili nilizojaza mimi, sehemu ya wategemezi ina sifuri tano.

Wenu mtiifu,

Mlipakodi, na mhudumu wa kujitolea wa meza ya kodi,
Louisville, Kentucky.

Nakala: kwa mama, Ujiji, ambaye atasomewa.